Harufu Haimwamshi Aliyelala

Aliyetuamsha usiku ule hakubisha hodi. Aliupiga mlango kwa ngumi, mfululizo, bila kupumzika. Ulikuwa usiku wa pili wa sikukuu, baridi kali nje, theluji imegandamana dirishani, nyumba imejaa wageni. Watoto wanne walikuwa wamelala sebuleni kwenye magodoro yaliyopangwa bega kwa bega, shangazi yangu kalala chumba cha watoto, mimi na mume wangu tuko chumbani kwetu. Nilipotoka koridoni nilikihisi kitu ulimini kabla ya puani: uchungu wa plastiki iliyoungua. Taa ya korido, ambayo huwa tunaiacha iwake kwa ajili ya watoto, ilionekana kama imefunikwa chandarua.

Mlangoni alikuwa bibi anayekaa ghorofa ya juu yetu. Hakusalimia. Alisema, "Toa watoto, mwanangu. Na ukitoka, funga mlango."

Tukafanya hivyo. Mume wangu alibeba wawili, mimi nikambeba mmoja na kumvuta mkono yule wa nne, ambaye alitembea macho yamefumba. Shangazi alitufuata na blanketi begani. Niliuvuta mlango wa sebule, kisha wa nje, tukashuka ngazi, na zimamoto niliwapigia simu nikiwa nimesimama kwenye theluji na soksi tu. Walipofika kazi yao haikuwachukua muda. Zulia lilikuwa limeungua mduara wa ukubwa wa sinia, mbao za sakafu chini yake zimegeuka mkaa, na moto umeanza kulipanda kochi kwa pembeni. Nilipima baadaye. Kutoka ukingo wa mduara ule mpaka mahali lilipokuwa godoro la mtoto wa mwisho ni hatua yangu moja.

Wengi wetu tunaamini kitu kimoja ambacho mimi pia nilikiamini mpaka usiku ule: kwamba nyumba ikianza kuungua, harufu ya moshi itatuamsha. Haituamshi. Mtu akiwa kwenye usingizi mzito pua yake nayo imelala. Masikio hubaki na uangalizi fulani, ndiyo maana ngumi za bibi zilinifikia, lakini pua haina zamu ya usiku. Tena moshi wenyewe humzidishia mtu usingizi, kwa sababu ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu analala, anavuta, anazidi kulala. Watu wengi wanaokufa kwa moto wa nyumbani hawaguswi na ndimi za moto kabla ya kufa; moshi huwatangulia.

Kwa hiyo swali ninalolibeba tangu siku hiyo ni moja. Nyumba ikishalala, nani amekesha kwa niaba yetu?

Mzimamoto mmoja alinionyesha vitu viwili kabla hawajaondoka. Cha kwanza aliniwekea kiganjani: kipande cha ekstensheni yetu. Matundu ya kuchomekea plagi yalikuwa yameyeyuka na kutiririka kama nta, na miguu ya shaba ya plagi ya hita, kile kifaa cha umeme cha kupashia chumba joto, ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa ya zambarau iliyofifia, kama kucha iliyopigwa nyundo. Ekstensheni ile niliipitisha mimi chini ya zulia, ili watoto wasijikwae. Niliona ni usalama.

Nilikuja kuelewa hesabu yake. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Kwenye nchi za volti 120, hita ya wati 1,500 huvuta ampea 12.5. Huo ni mzigo mkubwa, lakini birika la umeme nalo huvuta kiasi kama hicho na haliunguzi nyumba, kwa sababu maji yakichemka dakika chache tu linazimika. Hita haizimiki. Inavuta kwa muda wa saa 5, saa 8, usiku kucha. Ikiwa waya ni mwembamba, au plagi imelegea kwenye tundu lake, joto hujikusanya palepale kwenye maungio, kidogo kidogo, na ukiufunika waya kwa zulia umelinyima joto hilo pa kutokea. Ndiyo maana wazimamoto husema hita ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, peke yake, na isichomekwe kamwe kwenye ekstensheni. Ikae mita moja mbali na chochote kinachoweza kushika moto: pazia, godoro, nguo zilizoanikwa, kochi. Na izimwe watu wanapokwenda kulala. Hili la mwisho ndilo gumu, najua. Baridi ya saa tisa usiku si jambo dogo, hasa ukiwa na mtoto mchanga au mzee. Lakini pashia chumba joto kabla ya kulala, ongeza blanketi, vaa soksi, kisha zima. Ukiigusa plagi na kuihisi ya moto, si vuguvugu, ni ya kung'olewa hapohapo na kutorudishwa.

Kitu cha pili alichonionyesha kilikuwa juu. Aliinua kidole tu, hakusema neno. Darini pa korido palikuwa na king'ora cha moshi, kifuniko chake kikining'inia, na betri haimo. Betri ilikuwa kwenye droo ya jikoni. Niliitoa mwenyewe wiki mbili kabla, kwa sababu kila nikikaanga kitu king'ora kinalia, na mara ya mwisho kilimwamsha mtoto. Nilijiambia nitairudisha jioni.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma zaidi, na ndipo ningependa kukaa kidogo. Kwa sababu najua si mimi peke yangu. Nimeingia nyumba nyingi tangu wakati huo, na kila nikiingia huwa nainua macho darini. Nimeona ving'ora vilivyofunikwa mfuko wa plastiki, vilivyopakwa rangi pamoja na dari, vilivyobaki kikalio tu. Watu wa nyumba hizo si wazembe. Ni watu waliochoshwa na kelele. Dawa ya kelele ni kukihamisha king'ora. Kikae walau mita 3 kutoka jikoni, na ikiwezekana kiwe cha aina inayotambua moshi kwa mwanga, ambacho hakishtuki ovyo kwa mvuke wa chungu na huwahi kuona moshi wa kitu kinachofukuta. Kiwepo kila ghorofa, kiwepo nje ya vyumba vya kulala, na vyumbani pia kama uwezo upo. Vile vinavyounganishwa, kimoja kikilia vyote vinalia, ni bora kuliko vyote, maana moto wa sebuleni unakuamsha chumbani. Mara moja kwa mwezi bonyeza kitufe. Na vina umri: baada ya miaka 10 king'ora kinatakiwa kibadilishwe chote, hata kama bado kinalia ukikijaribu. Tarehe ya kutengenezwa huwa imeandikwa mgongoni.

Lakini hata king'ora kizima kina mpaka wake, na mpaka huo ni watoto. Majaribio yaliyofanywa Uingereza kwa watoto waliokuwa wamelala yalionyesha kwamba wengi wao hawaamki kwa mlio wa kawaida wa king'ora, ule mkali mwembamba. Sauti ya mtu, na mlio mzito zaidi, huwaamsha vizuri. Nikikumbuka yule wa nne aliyetembea macho yamefumba, naamini kila neno. Kwa hiyo mpango wa nyumba lazima useme nani anambeba nani. Nyumbani kwetu sasa jambo hili husemwa kwa majina kila wageni wanapolala: wewe utamchukua huyu, mimi yule, shangazi atatoka kwa mlango ule, na sote tutakutana chini ya ile taa ya barabarani. Mgeni hajui nyumba yako. Gizani hajui hata swichi iko wapi, sembuse mlango wa nyuma na funguo zake. Kumwonyesha huchukua dakika mbili, na hajawahi kunikasirikia mgeni hata mmoja.

Zamani nilidhani muda upo. Nilidhani moto huanza, watu huhangaika, hutoa vitu, hurudi ndani kuchukua picha za harusi. Maabara ya UL ya Marekani, inayopima usalama wa bidhaa, iliwahi kuwasha moto kwenye vyumba viwili vilivyofanana, kimoja kikiwa na fanicha za zamani za mbao na pamba, kingine fanicha za leo za sponji na poliesta. Chumba cha zamani kilichukua karibu nusu saa kabla ya kila kitu ndani kuwaka kwa mpigo. Chumba cha leo hakikufika dakika 5. Makochi yetu yametengenezwa kwa kitu kilicho karibu ndugu wa petroli. Kwa hiyo ukishatoka, umetoka. Hakuna simu, hakuna pasipoti, hakuna zawadi ya kurudia.

Na lile la bibi, "funga mlango." Nilimuuliza baadaye kwa nini alilisema, akanijibu kwamba moto ni mnyama wa hewa. Baadaye nikakuta vipimo vinamuunga mkono: katika majaribio ya watafiti, chumba kilichofungwa mlango kilibaki chini ya nyuzi 40 hivi za Selsiasi wakati upande wa pili wa mlango huohuo joto limepita nyuzi 500. Mlango wa kawaida wa mbao. Tangu hapo tunalala milango ya vyumba imefungwa, na king'ora kiko pande zote mbili.

Mlango unaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti kwa watu usiowajua hata majina. Tarehe 9 Januari 2022, huko Bronx, New York, hita ya umeme iliwasha moto katika nyumba moja ya jengo la ghorofa 19. Moto wenyewe haukwenda mbali. Ulibaki katika nyumba ile na korido yake. Lakini mlango wa nyumba hiyo, uliotakiwa kujifunga wenyewe watu wakitoka, haukujifunga. Mlango mmoja wa ngazi ghorofa za juu nao ulibaki wazi. Moshi ukapanda ngazi kama kwenye dohani. Watu 17 wakafa, 8 kati yao watoto, na familia nyingi zilizoguswa zilikuwa na asili ya Gambia, watu waliotoka nchi ya joto wakawa wanapambana na baridi kwa hita kama sisi. Wote waliuawa na moshi. Siku 4 kabla yake, huko Philadelphia, watu 12 wa nyumba moja walikufa, 9 kati yao watoto, kwa moto ulioanzia kwenye mti wa Krismasi. Karibu ving'ora vyote vya moshi vya nyumba hiyo havikuwa vikifanya kazi.

Habari hizi mbili huwa nazisoma kila mwaka mwanzoni mwa msimu. Sizisomi ili niogope. Nazisoma kwa sababu ni familia zilizokuwa zinafanya kilekile tunachofanya wote: kukusanyana, kupashana joto, kupamba nyumba.

Kuhusu mti, niseme machache. Mti wa asili uliokatwa na kuwekwa ndani ya nyumba yenye joto hukauka siku baada ya siku, na mti mkavu ukishika moto unaweza kukiwasha chumba kizima chini ya dakika moja. Uliojaa maji ni vigumu hata kuuwasha. Kwa hiyo maji kwenye kikalio kila siku, na sindano zake zikianza kupukutika ukiugusa, utolewe nje hata kama sikukuu haijaisha. Usikae karibu na hita wala meko, wala usizibe njia ya kutokea.

Watu wa zamani walikuwa wanabandika mishumaa halisi, inayowaka, kwenye matawi ya mti. Tukisikia leo tunashangaa. Lakini waliiwasha kwa muda mfupi tu, familia nzima imesimama inatazama, na ndoo ya maji iko kando. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake huko New York kwa balbu 80 za umeme, na tangu hapo taa zikawa salama zaidi, na za siku hizi za LED hazina joto la kutisha kabisa. Tulichopoteza ni ile ndoo na yale macho. Tunawasha, tunazisahau, tunalala. Waya uliochubuka au balbu iliyopasuka haichagui saa. Zima kila kitu kabla ya kulala au kutoka. Mshumaa nao, mbali walau sentimita 30 na chochote kinachowaka, juu ya kikalio kisichoinama, usiachwe peke yake chumbani hata kwa kwenda kufungua mlango mara moja. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo mimi nimehamia mishumaa ya betri, na viberiti vyote vinakaa mahali ambapo hata mimi nahitaji stuli.

Jikoni ndiko mioto mingi ya nyumbani inakoanzia, na sikukuu huleta karai kubwa, mafuta mengi na mazungumzo mengi. Anayekaanga asiitwe sebuleni. Mafuta yakishika moto usimwage maji, usimwage kabisa. Maji hushuka chini ya mafuta, yanageuka mvuke unaotanuka karibu mara 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Zima jiko, telezesha mfuniko juu ya sufuria ukianzia upande wako, uiache hivyohivyo mpaka ipoe. Usiibebe kuitoa nje. Wengi wameungulia njiani.

Na jiko la mkaa, tafadhali, lisiingie ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya joto. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, ile kaboni monoksaidi ipo, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, watu wanadhani ni uchovu wa safari. Wote wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye. Kitambuzi cha gesi hii kinauzwa, na nyumba yenye meko, bwela au jiko la gesi isikikose.

Sasa mtaa. Nimeandika "sisi" na "nyumbani kwetu" mara nyingi, lakini kilichotuokoa hakikuwa chetu. Kilikuwa usingizi mwepesi wa mzee wa ghorofa ya juu, aliyesikia harufu kwa kuwa alikuwa macho, na ambaye hakuogopa kuonekana msumbufu. Angeweza kujiambia ni wageni wale wanapika usiku. Alishuka ngazi na fimbo yake.

Kwa hiyo nafanya mambo ambayo zamani niliyaona ya serikali. Theluji ikianguka, tunakwenda na koleo mimi na kijana wa jirani kulifukua bomba la maji la zimamoto pale kona, mita moja kuzunguka pande zote, kwa sababu gari likifika dereva hawezi kuanza kulitafuta bomba chini ya lundo. Wageni wakija na magari tunawaelekeza wasiegeshe mbele yake wala kubana barabara. Baiskeli, masanduku ya zawadi na magari ya watoto hayakai kwenye ngazi. Majivu ya meko yanaingia kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko na kukaa nje mita 3 kutoka ukutani, maana kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai siku kadhaa. Pipa la taka la plastiki si mahali pake. Betri za lithiamu za skuta na baiskeli za umeme, zawadi zinazopendwa siku hizi, tunaomba zisichajiwe usiku wala kwenye korido ya kutokea, kwa sababu zikilipuka huziba njia hiyohiyo mnayoihitaji. Fataki, tunaacha wanaozijua wazirushe mahali pa wazi. Hata zile cheche za kushika mkononi, tunazompa mtoto tukidhani ni mchezo, huwaka kwa joto linalopita nyuzi 1,000.

Na tumeandika, kwa kalamu, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa chini, nyumba ipi ina mtu asiyeweza kushuka ngazi peke yake. Mwanzoni wengine walisita. Yule bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha jina lake.

Siku ya kwanza ya kila mwezi, saa moja jioni, napanda kwenye stuli na kubonyeza kitufe cha king'ora. Kinapiga kelele, mtoto anaziba masikio, na mimi nangoja. Baada ya muda mfupi, kutoka darini, fimbo inagonga sakafu mara mbili. Amesikia. Kisha cha kwake kinalia, nami natafuta mpini wa ufagio nimjibu.